Maji ya Kisima, Maji ya Bomba: Kuanza Tangi la Samaki wa Mapambo Pwani ya Tanga

Katika nyumba za mawe za Lamu zilizojengwa karne ya 18, chumba cha kuogea kilikuwa na birika lililosakafiwa kwa chokaa, na ndani ya birika hilo waliishi samaki wadogo. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa, kwenye sakafu ya birika, fundi alipachika bakuli la kaure kutoka China, ili maji yakipungua au birika likisafishwa samaki wapate pa kujihifadhi mpaka lijazwe tena. Wenye nyumba hizo hawakuwa na umeme, pampu wala dawa za dukani. Walikuwa na samaki wachache, maji yaliyotekwa na kujazwa upya kila mara, na aina ya samaki iliyoyaweza maji ya pale pale nyumbani.

Mambo hayo matatu bado ndiyo msingi wa ufugaji wa samaki wa mapambo wa maji baridi, na la tatu ndilo linalopuuzwa zaidi. Anayeanza leo mara nyingi huvutiwa na rangi dukani, hununua samaki, kisha hutafuta tangi, na maji huwa jambo la mwisho kufikiriwa. Baada ya wiki mbili samaki wanaelea, naye anaamini kwamba ufugaji huu ni wa wenye bahati au wenye fedha. Mpangilio unaofaa ni wa kinyume: maji yajulikane kwanza, tangi lifuate, na samaki aje mwisho, akiwa amechaguliwa kwa maji yaliyopo.

Pwani ya kaskazini ya Tanzania ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili, kwa sababu ndani ya mwendo mfupi maji hubadilika kabisa. Mkazi wa Moa, katika Wilaya ya Mkinga, na ndugu yake aliyeko Tanga mjini hawawezi kufuga samaki wale wale kwa urahisi ule ule.

Maji mawili, mkoa mmoja

Ukanda wa pwani ya Mkinga umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Maji ya mvua yanapopenya humo huyeyusha chokaa, na kisima kinapochimbwa hutoa maji magumu, yaani yenye kalisi na magnesi nyingi. Akina mama wanaofua huyatambua bila kipimo chochote: sabuni inakataa kutoa povu, na birika la chai hujenga ukoko mweupe ndani. Maji ya namna hii huwa na pH iliyo juu ya 7, mara nyingi kati ya 7.5 na 8.3. Kisima kikiwa karibu na bahari huongezeka chumvi kidogo, hasa wakati wa kiangazi ambapo maji ya mvua chini ya ardhi yamepungua na ya bahari yanasogea ndani.

Tanga mjini hali ni nyingine. Maji ya bomba hutoka Bwawa la Mabayani katika Mto Zigi, unaoshuka kutoka misitu ya Usambara Mashariki upande wa Amani. Milima ile imejengwa kwa miamba ya kale sana isiyo na chokaa nyingi, kwa hiyo maji yake ni laini kuliko ya visima vya matumbawe. Tatizo lake ni klorini. Dawa hiyo inayomlinda binadamu na kipindupindu huunguza mashavu ya samaki, na huua pia bakteria ambao tangi haliwezi kuishi bila wao. Tiba ni rahisi: maji yakingwe kwenye ndoo pana isiyofunikwa na yaachwe siku moja hadi mbili, au yawekewe sodiamu thiosalfeti, dawa inayoondoa klorini kwa dakika chache.

Maji ya tatu ni ya mvua yanayokingwa kwenye bati. Ni laini mno, na yakitumika peke yake hayana madini ya kuizuia pH isiyumbe. Uchafu kidogo tu unaweza kuishusha ghafla. Lakini yakichanganywa na maji ya kisima hupunguza ugumu na chumvi, kwa hiyo pipa la maji ya mvua ya masika ni mali kwa mfugaji wa Moa.

Kinachohitajika kununuliwa mapema ni karatasi za kupimia maji, zile zinazobadilika rangi, zenye kuonyesha pH, ugumu, amonia, nitriti na nitrati. Zina thamani kuliko samaki wowote watakaonunuliwa mwezi wa kwanza.

Kioo, mchanga na mahali

Anayeanza hufikiri kwamba tangi dogo ni rahisi kulitunza. Ukweli ni kinyume chake. Katika lita 20, mlo mmoja uliozidi huchafua maji yote kabla ya jioni. Katika lita 100, uchafu ule ule husambaa na kumpa mfugaji nafasi ya kurekebisha. Tangi lenye urefu wa sentimita 80, upana 35 na kimo 40 hubeba lita 112, na ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Tangi kama hilo si lazima liagizwe kutoka mbali. Fundi wa vioo na madirisha ya aluminiamu anaweza kulikata na kuliunganisha, mradi apewe masharti mawili. Kioo kiwe cha milimita 8, na gundi iwe silikoni tupu, ile inayonuka siki inapokauka, isiyochanganywa na dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni za bafuni nyingi zina dawa hiyo, nayo ni sumu kwa samaki. Baada ya kuunganishwa tangi liachwe wiki nzima likauke, kisha lijazwe maji likiwa nje kwa siku mbili kuona kama linavuja.

Uzito nao usisahauliwe. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukijumlisha kioo na mchanga, tangi hili hufikia kilo 150 hivi. Meza ya kawaida ya sebuleni haikutengenezwa kwa mzigo huo. Stendi ya chuma iliyochomelewa, au matofali yaliyopangwa vizuri na ubao mnene juu yake, hufaa zaidi, na chini ya kioo iwekwe sponji nyembamba ili mwinuko mdogo wa ubao usikipasue. Mahali pawe mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana, kwa sababu jua hupandisha joto na kujaza vioo utando wa kijani.

Mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke meupe hutosha chini ya tangi. Mchanga wa ufukweni una vipande vya matumbawe na kome, nao huendelea kuongeza chokaa ndani ya maji. Kwa samaki wa maji laini hilo ni kosa. Kwa samaki wengine watakaotajwa baadaye ni faida.

Mkemia, mwanawe na bakteria

Mwaka 1850 mkemia wa London aitwaye Robert Warington aliwaeleza wenzake wa Chama cha Kemia jaribio alilofanya nyumbani. Alikuwa ameweka samaki wa dhahabu wawili katika chombo cha kioo pamoja na mmea wa majini wa Vallisneria. Mmea uliwapa samaki oksijeni, samaki wakaupa mmea hewa ya ukaa, lakini majani yaliyokufa yalioza na kuchafua maji. Alipoongeza konokono wa majini wanaokula majani yaliyooza, maji yakatulia. Jaribio hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyofungua njia ya matangi ya samaki kuenea Ulaya. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jengo la kwanza la kuonyesha samaki kwa umma.

Warington hakuweza kuona kila kilichokuwa kikitendeka ndani ya chombo chake. Sehemu iliyobaki ilikuja kuelezwa kwa kuchunguza maji taka na udongo. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji taka taratibu katika mchanga uliochanganywa na chokaa. Kwa siku 20 hivi amonia iliingia na kutoka ikiwa ni amonia ile ile. Kisha ghafla ikaanza kutoka ikiwa nitrati. Walipotia klorofomu, badiliko hilo lilikoma. Wakatambua kwamba kazi ilikuwa ya viumbe hai. Aliyeendeleza uchunguzi huo nchini Uingereza, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, ni mtoto wa Warington, naye akiitwa Robert, aliyeonyesha kwamba badiliko hutokea kwa hatua mbili. Mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky akafaulu kuwatenga bakteria wenyewe.

Hatua hizo mbili ndizo siri ya kila tangi linalodumu. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu na mkojo, na mabaki ya chakula huoza na kuongeza nyingine. Amonia ni sumu kali. Kundi la kwanza la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Mashavu huwa ya kahawia na samaki huhema juu ya maji ingawa hewa ipo. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa, na ambayo huondolewa kwa mimea na kwa kubadilisha maji.

Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Siku 20 za Schloesing na Müntz hazikuwa bahati mbaya ya maabara; ni muda ambao bakteria huchukua kuongezeka. Katika tangi la nyumbani kazi hiyo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita, na joto la pwani husaidia, kwa kuwa bakteria hawa hustawi vizuri kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi.

Namna ya kuwaita haina gharama. Tangi hujazwa maji, mchanga na mimea, kichujio kikiwashwa mchana na usiku. Kipande kidogo cha kamba mbichi, kinachopatikana kila asubuhi wavuvi wanaporudi, hufungwa kwenye kitambaa chepesi na kuzamishwa. Kinapooza hutoa amonia, nayo ndiyo chakula cha bakteria. Kwenye karatasi za kupimia, amonia hupanda wiki ya kwanza, nitriti huonekana baadaye, kisha zote mbili hushuka mpaka sifuri na nitrati kubaki. Siku hiyo nusu ya maji hubadilishwa, kamba hutolewa, na samaki wachache wa kwanza huingia. Aliye na rafiki mwenye tangi la zamani lenye afya anaweza kuomba sponji chakavu ya kichujio chake. Kipande kimoja hufupisha wiki kadhaa.

Hapa tofauti ya maji ya Moa na ya mjini hurudi kwa nguvu. Amonia ndani ya maji huwa na sura mbili, moja kali na moja isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo huamua ni ipi itawale. Pakiwa na joto la nyuzi 28 na pH 7, chini ya asilimia 1 tu ya amonia yote huwa katika sura kali. pH ikifika 8.2, sehemu hiyo hufikia asilimia 10 hivi. Kwa hiyo haraka ya kutia samaki kabla bakteria hawajakomaa, ambayo mjini inaweza kuleta ugonjwa, Moa huleta vifo usiku mmoja. Upande wa pili, chumvi kidogo iliyomo kisimani ni ngao dhidi ya nitriti, kwa sababu kloridi hushindana nayo kuingia kupitia mashavu ya samaki.

Samaki gani kwa maji gani

Kwa maji magumu yenye chumvi kidogo, samaki wa kuanzia ni moli. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, ambako jamii zake nyingine huishi kwenye milango ya mito, na akizoeshwa taratibu huweza hata maji ya bahari. Gapi na plati nao hupenda maji magumu. Wote watatu huzaa watoto walio hai, hula chakula cha aina nyingi na huvumilia makosa madogo ya mwanafunzi. Katika lita 112 mfugaji aanze na samaki sita, angoje wiki tatu, kisha aongeze polepole mpaka 15. Majike wawe wengi kuliko madume, kwani dume huwasumbua majike mchana kutwa.

Gapi ana historia yake katika eneo letu la bahari. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Ngazija katika Visiwa vya Komoro, samaki hao waliwekwa katika matangi ya maji ya nyumbani na mabirika ya kutawadhia ili kula viluwiluwi vya mbu waenezao malaria, na wataalamu wakapima kupungua kwa mbu na kwa maambukizi. Ilikuwa kazi ile ile ya samaki wa mabirika ya Lamu, safari hii ikifanywa na mgeni kutoka Amerika ya Kusini.

Aliye na hamu ya samaki wa nyumbani kabisa atazame Ziwa Tanganyika. Maji yake ni magumu, yenye pH karibu na 9, na ndani yake wameainishwa zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu zote zisizopatikana mahali pengine duniani. Miongoni mwao yuko Neolamprologus multifasciatus, asiyezidi sentimita 5, aishiye kwa makundi ndani ya makome matupu ya konokono wa ziwani. Kila samaki huwa na kome lake, huchimba mchanga kuliweka sawa, hutaga ndani yake na kulilinda dhidi ya jirani aliye mkubwa mara tatu. Wafugaji wa Ulaya hulipa fedha nyingi kutengeneza maji yanayomfaa samaki huyu. Kisima cha mwamba wa matumbawe huyatoa bure, na ufukwe hutoa makome. Yachukuliwe yaliyo matupu tu, yenye mlango wa sentimita mbili hadi tatu, yachunguzwe kaa asiwemo, yachemshwe na kusuuzwa mpaka chumvi iishe. Katika tangi hili mchanga wenye chembe za matumbawe hauna ubaya. Chumvi ya kisima ndiyo ichungwe: maji yanayoonja chumvi ulimini yapunguzwe kwa maji ya mvua kabla ya kutumika.

Mbuna wa Ziwa Nyasa, wenye rangi za buluu na manjano kali, huvutia kila mtu, lakini ni wagomvi, huhitaji tangi la lita 200 au zaidi na mawe mengi ya kujificha. Wasubiri mwaka wa pili.

Mwenye maji laini ya Zigi anaweza kufuga samaki wa Amazoni, ila joto nalo lina neno lake. Neoni tetra, anayeuzwa sana, hupenda maji ya nyuzi 21 hadi 25, na ndani ya nyumba ya Tanga mwezi wa Februari maji yanaweza kukaa juu ya nyuzi 28 kwa wiki nzima. Ndugu yake kadinali, mwenye mstari mwekundu mrefu zaidi, hustahimili joto hilo vizuri. Samaki wa dhahabu, ambaye ndiye chaguo la wengi, ni samaki wa maji ya ubaridi. Pwani huishi kwa taabu na huchafua maji kuliko wadogo watano.

Joto na umeme unapokatika

Vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa nchi za baridi hutenga kurasa nyingi kwa vipasha maji. Tanga kifaa hicho hakihitajiki. Hofu ya hapa ni oksijeni: maji baridi ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hubeba 7.5 tu, wakati samaki na bakteria kwa joto hilo wanahitaji zaidi. Kwa sababu hiyo kichujio bora kwa anayeanza pwani ni cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Mapovu hutikisa uso wa maji na kuingiza oksijeni, sponji huwa nyumba ya bakteria, na bei yake ni ndogo.

Umeme ukikatika, kitu cha kwanza kukosa hewa ni bakteria walio ndani ya sponji, nao huanza kufa baada ya saa kadhaa. Pampu ndogo ya betri, au ile inayochajiwa kwa paneli ya sola ya taa za nyumbani, huondoa wasiwasi huo. Isipokuwepo, maji yatekwe kwa kopo na kumiminwa kutoka juu kila nusu saa, taa izimwe na samaki wasilishwe. Samaki mzima mwenye afya huweza kukaa siku tatu bila chakula.

Na hata umeme ukiwepo, kulisha ni mara moja kwa siku, kiasi kinachomalizwa ndani ya dakika mbili. Kila kinachobaki ni amonia ya kesho.

Kila wiki robo ya maji hutolewa na kuingizwa mengine yenye joto lile lile. Sponji hukamuliwa ndani ya maji hayo yaliyotolewa, kamwe si chini ya bomba lenye klorini. Upungufu unaotokana na maji kuwa mvuke ni jambo tofauti: mvuke huondoka peke yake na kuacha chumvi na chokaa nyuma, kwa hiyo pengo hilo lijazwe maji ya mvua. Anayeliziba kwa maji ya kisima kila siku hujikuta baada ya miezi michache ana maji magumu mara mbili ya yale aliyoanza nayo.

Wasirudi mtoni

Samaki huzaana, mfugaji huhama, tangi hupasuka, na mtu mwenye huruma hubeba ndoo kwenda mtoni. Hilo lisifanyike. Mto Pangani na maziwa yanayouzunguka tayari yamejeruhiwa na samaki walioletwa kutoka kwingine. Sato wa Mto Nile, aliyesambazwa kwa ajili ya mabwawa ya ufugaji, huzaana na perege wenyeji na kuchanganya mbegu yao. Katika Ziwa Chala, chini ya Kilimanjaro, perege Oreochromis hunteri, asiyepatikana ziwa jingine lolote, amewekwa katika orodha nyekundu ya dunia miongoni mwa walio hatarini kabisa kutoweka. Korogwe nayo ina perege aliyepewa jina lake, Oreochromis korogwe, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1955 na Rosemary Lowe. Samaki wanaozidi tangini wapewe mfugaji mwingine, na maji machafu yamwagwe juu ya udongo mkavu, mbali na mfereji.

Samaki wa Tanga wenyewe

Mwaka 1907 Msweden Einar Lönnberg alieleza samaki mpya aliyepatikana Tanga na msafara wa kisayansi ulioongozwa na Yngve Sjöstedt. Leo samaki huyo huitwa Nothobranchius palmqvisti. Ana urefu wa sentimita 5 hivi. Dume ana mwili wa buluu wenye mistari ya wavu wa kahawia na mkia mwekundu wote. Huishi katika madimbwi ya tambarare za pwani, kuanzia kaskazini-mashariki ya Tanzania hadi kusini mwa pwani ya Kenya, yale yanayojaa masika au vuli na kukauka kiangazi. Unguja ina wa kwake, Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa mwaka 1893.

Maisha yao yamepangwa kwa mvua. Dimbwi linapojaa, mayai yaliyokuwa ndani ya tope huanguliwa. Wiki chache baadaye watoto wamekua na wanataga kila siku. Dimbwi likikauka wote hufa, na mayai hubaki yamesimamisha ukuaji wao mpaka mvua nyingine. Samaki wa jamii hii huzeeka haraka kiasi kwamba jamaa yao kutoka Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, hutumiwa na maabara za dunia kuchunguza uzee.

Kwa mfugaji aliyekwisha kulimudu tangi lake la kwanza, huyu ni samaki wa hatua ya pili. Tangi la lita 30 linatosha kwa dume mmoja na majike watatu, bila samaki wa aina nyingine. Wakubwa hutaka chakula hai, na viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye pipa la mvua ndicho wanachokipenda zaidi. Vinavyotiwa viwe vile tu vitakavyoliwa mara moja. Wafugaji wa Ulaya huwawekea mboji wapate pa kutagia. Pwani ya Tanga ina usumba wa nazi, ambao kwa kuwa huvundikwa katika tope la bahari lazima uchemshwe na kusuuzwa mara kadhaa. Kila wiki usumba hutolewa, hukamuliwa mpaka ubaki na unyevu tu, na kufungwa katika mfuko wa plastiki ndani ya kabati. Baada ya miezi mitatu hivi, mara nyingine zaidi, hutiwa katika beseni lenye maji ya mvua ya kina cha vidole vitatu, na watoto huonekana kabla ya kesho yake.

Anayetaka kuwachota dimbwini aanze katika ofisi ya uvuvi ya wilaya, kwa kuwa samaki wa mapambo nao wako chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na achukue jozi chache tu. Samaki wa dimbwi moja wanaweza kutofautiana na wa dimbwi la kilomita kumi mbele yake, na dimbwi likifukiwa kwa ujenzi au kugeuzwa shamba, kizazi chake chote hupotea na tope lake. Kwa sababu hiyo vyama vya wafugaji wa samaki hawa duniani huandika kwenye kila mfuko wa mayai nchi, mahali samaki walipochukuliwa na mwaka, wala hawachanganyi mayai ya sehemu mbili. Mfuko wa usumba utakaofungwa Moa uandikwe vivyo hivyo: jina la samaki, dimbwi na kijiji chake, tarehe usumba ulipokamuliwa na tarehe ya kuyatia maji.